Sura ya Tisa: Wanne, Wanne na Mmoja

"Geukia dirishani kwanza," Muatasim aliniambia. "Ukinitazama sitaweza kusema."

Niligeuka. Nje ya gari lake jua la saa saba lilikuwa limeyapiga magari mapya yaliyopangwa mbele ya duka nilikofanya kazi, pale Wattaya, mpaka macho yakauma. Yeye aliegesha kando, penye kivuli cha ukuta, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka minne. Saa moja ya chakula cha mchana ndiyo iliyokuwa dunia yetu yote. Mimi nilileta sambusa na chai ya maziwa, yeye alileta habari na vichekesho. Siku ile sambusa zilikuwa bado kwenye mfuko na yeye hakuwa na kichekesho.

"Haya, nimegeuka. Sema."

"Keshokutwa, Ijumaa baada ya Alasiri, Ami Bakhit anapeleka hoja ya kumwondoa baba yako."

"Kwani hilo jipya? Kila mwaka baada ya Eid kubwa anapeleka."

"Mwaka huu jipya ni mimi," alisema.

Baba yangu, Abdulrazak, alikuwa mwenyekiti wa lajna ya ukoo wetu, kamati ya watu tisa inayosimamia sabla, yaani ukumbi wetu wa arusi na matanga, pamoja na majengo machache ya wakfu na wagonjwa wa kusaidiwa. Katika wale tisa, baba alikuwa na wanne, yeye mwenyewe akiwemo. Ami Bakhit, mtoto wa ami yake, alikuwa na wanne. Wa tisa alikuwa Muatasim, mjumbe wa nyumba chache za Sidab ambazo ukoo ulizikumbuka siku za kura tu. Miaka mitatu baba aliongoza akiwa na watu wasiofika nusu, na kila mwaka Muatasim aliinua mkono wake, baba akabaki. Mimi nilimtazama akiuinua nikajiambia: anampenda baba yangu kwa sababu ananipenda mimi.

"Si utampigia kama siku zote?" nikamuuliza.

Aliupapasa usukani kwa kidole gumba.

"Muatasim?"

"Nimempigia tatu, Khole. Tatu! Na kila nikimaliza ananambia baada ya kitu fulani. Baada ya Eid. Baada ya arusi ya dada yako. Baada ya sabla kuezekwa upya. Haya, sabla imeezekwa, ina viyoyozi sita, watu wanatetemeka kwa baridi ndani. Mimi bado niko nje juani."

Niligeuka, nikamtazama. "Baada ya hayo yote ndiyo nini?"

Alifumba macho. Alikuwa na kope ndefu, na alipofumba macho alionekana mdogo sana, kama mtu aliyelala.

"Ndiyo anioze wewe."

Kiyoyozi cha gari kilikuwa kikivuma. Nakumbuka nilinyoosha mkono nikakizima, sijui kwa nini, labda nilitaka kusikia vizuri.

"Yaani mlipatana? Wewe na baba? Kura kwa mimi?"

"Usiliweke hivyo."

"Niliwekeje? Nifundishe, mimi nimesoma sekondari tu."

"Khole, nilikuja kuposa kwanza. Kabla sijawa mjumbe wa kitu chochote. Nilikuja na ami yangu na mama yangu. Baba yako alitukaribisha kwa halua na kahawa, akasema wallahi nyinyi watu wa heshima. Halafu akamtazama mama."

Hakuhitaji kunieleza. Mama yake, Mama Mwanakheri, alitoka Tanga miaka thelathini na mitano iliyopita, akavuka bahari kuja nchi hii ya Waarabu kufanya kazi katika nyumba moja ya Ruwi, na ndugu wa mwenye nyumba akampenda akamwoa. Alizaa, akalea, akazika mume. Kwa watu wetu bado alikuwa "yule mfanyakazi". Na watu wetu wenyewe walizaliwa Unguja, wanaota ndoto zao kwa Kiswahili.

"Akasema atafikiri," Muatasim aliendelea. "Jibu halikuja mwaka mzima. Watu wa Sidab wakanichagua, nikawa na kura, ndipo jibu likaja mbio na viatu mkononi. 'Nisaidie nami nikusaidie, mwanangu.' Siku ile aliniita mwanangu. Nikasema ndiyo. Wewe ungefanya nini?"

"Ningekataa."

"Na leo ungekuwa mke wa mtu."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumshika uso. Nilikuwa nimeamini miaka yote mitatu kwamba baba analainika taratibu, kwamba ni tabia nzuri ya Muatasim inayomlainisha, na kila Eid nilijishonea nguo nikidhani huenda ndiyo. Kumbe nilikuwa ajenda.

"Na keshokutwa utafanya nini?"

"Nitaomba mbele ya watu wote. Asiniambie tena pembeni, kwenye maegesho, huku akitazama saa. Akinipa mbele yao, kura ni yake. Akininyima..." Alitazama mikono yake juu ya usukani. "Bakhit anahitaji mmoja tu."

"Usimwangushe baba yangu."

"Na mimi nikianguka, naangukia wapi?"

"Niapie, Muatasim. Vyovyote atakavyojibu. Akianguka kwa mkono wako, hata malaika wakiniozesha kwako sitaweza kuingia nyumbani kwako. Niapie."

Nje mhudumu wa duka alikuwa akipangusa kioo cha gari ambalo hakuna mtu atakayelinunua wiki ile.

"Sitamwangusha," alisema mwishowe, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Sasa nipe sambusa zangu. Angalau hizo nimezipata bila kusubiri Eid."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka huku nalia.

*

Nyumbani Wadi Kabir, baada ya Magharibi, nilimkuta baba sebuleni. Alikuwa amezifua kofia zake mwenyewe na kuzitia uwanga, kwani hakumwamini mtu yeyote kwa kofia, na sasa alikuwa akizivisha moja moja juu ya mabakuli yaliyofudikizwa ili zikauke vizuri. Televisheni ilikuwa ikisema habari za nchi moja ya Ulaya ambayo serikali yake haina wingi bungeni, na chama kidogo kilichokuwa kikiibeba kimetishia kutoka. Shangazi Kheiria, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa akimenya vitunguu thomu.

"Waone," baba alisema akionyesha kwa kidole chenye uwanga. "Hawa wana vyuo vikuu, na wanahangaika vile vile kama mie."

"Baba, umeniweka rehani?"

Kidole kilibaki hewani.

"Nani kakwambia?"

"Haidhuru nani."

"Inadhuru! Mtu anayetoa siri za lajna..."

"We Abdu," Shangazi alimkata, "mtoto anakuuliza kuhusu maisha yake, we unatafuta jasusi? Mjibu."

Baba alikaa. Alizima televisheni. Bila sauti ile, sebule ilionekana kubwa kuliko kawaida.

"Ningekupa kwake mwaka wa mwanzo," alisema polepole, "ningebaki na nini? Mtu akishapata alilolitaka huwa huru. Mie nna wanne, Khole. Wanne katika tisa. Mwenye wanne hana cha kutoa, anaahidi tu. Siku nikitimiza ahadi ndiyo siku nitakayoondoka."

"Na aliyeahidiwa?"

"Anasubiri."

"Na mimi?"

Alichukua kofia nyingine, akaizungusha mikononi bila kuivisha popote.

"Nilipofika hapa mwaka wa sabini na nne nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ami yangu alinichukua sabla, ile ya zamani ya udongo. Nikaingia nikasalimu kwa Kiarabu nilichosoma chuoni Unguja. Wakacheka. Wazee wazima, mpaka wanaziba midomo kwa ncha za vilemba. Na Bakhit alikuwa mtoto wa miaka kumi, kakaa karibu na mlango, yeye alicheka mpaka akalala chini. Sikutamka neno mle ndani miaka miwili." Alinitazama. "Leo nikiingia, wanasimama. Unajua thamani yake? Mie najua."

"Najua, Baba. Lakini mimi sikucheka. Kwa nini nilipe mimi?"

Shangazi alivuta pua kwa nguvu, na haikuwa kwa sababu ya thomu.

"Kuna na jengine," baba alisema, sasa akitazama zulia. "Bakhit kanitumia mtu. Anaondoa hoja yake. Tuongoze pamoja, mie mwenyekiti, yeye naibu, na majengo ya wakfu yawe chini yake. Wanne na wanne. Simhitaji tena kijana wa Sidab. Lakini anataka damu ichanganyike ili nisimgeuke. Anakutaka wewe kwa mwanawe Maan."

"Maan mjane?" Shangazi aliuliza. "Mwenye wale watoto wawili wa kike?"

"Maan mtu mzuri," baba alisema.

"Sijasema mbaya. Nimesema mjane."

Nilipiga magoti. Sikupanga, miguu ilikwenda yenyewe. Nilimshika baba magoti, nikaweka kichwa changu juu yake kama nilivyokuwa nikifanya utotoni nilipotaka kupelekwa pwani.

"Baba, nna miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kukuomba nguo, wala safari, wala gari. Nakuomba mtu mmoja."

Nilisikia pumzi yake juu yangu. Kisha mkono wake ulishuka kichwani mwangu, na ulinuka uwanga.

"Haya," alisema. "Haya, mama, inuka. Ijumaa nitampa jibu lake, mbele ya watu. Na Bakhit nitamwambia hapana."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nilikimbilia chumbani nikamwandikia Muatasim neno moja: Amekubali. Yeye, aliyezicheka siku zote zile picha ndogo za moyo watu wanazotumiana, alinitumia moja. Nyekundu. Nililala nimeikumbatia simu kama mtoto.

*

Ijumaa sabla ilijaa. Wanaume walikaa kuzunguka kuta, wale tisa wa lajna mbele, na sisi wanawake nyuma ya kiambaza cha mbao chenye matundu, tukiona kila kitu bila kuonekana. Nilikaa karibu na Shangazi. Nilikuwa nimevaa nguo ya Eid, ile mpya, na mara hii niliivaa kwa sababu.

Kabla ya maneno yoyote, kahawa ilizungushwa. Sasa, watu wetu wa ndani ya nchi, upande wa mchanga, wana ada moja ambayo hapa mjini wengi wameisahau. Mtu mwenye haja nzito hainywi kahawa yake. Anakiweka kikombe mbele yake na kungoja, wala hasemi kitu. Mwenye mahali akitaka kumpa haja yake, huimwaga ile iliyopoa, akamtilia ya moto kwa mkono wake mwenyewe. Akishaipokea, imekwisha, haja imekubaliwa, na hakuna wa kuirudisha nyuma.

Muatasim alikuwa amekaa karibu na mlango. Kikombe chake kilikuwa chini, mbele ya magoti yake, kimejaa.

Nilimshika Shangazi mkono. "Tazama. Hajanywa."

"Nimeona. Tulia, utanivunja vidole."

Watu walianza kunong'ona. Macho yalikwenda kwake, kisha kwa baba, kisha kwake. Baba alikuwa ameketi mbele kabisa, amevaa joho lake, na alikiona kikombe. Nilimwona akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema nimesikia.

Hapo nikaona kikombe cha pili. Ami Bakhit, aliyekaa hatua nne tu kutoka kwa baba, naye alikuwa amekiweka chake chini.

"Shangazi, Ami Bakhit naye hajanywa."

"Labda ana ugonjwa wa sukari."

"Kahawa haina sukari, Shangazi."

"Basi ana kiburi. Nyamaza."

Baba alisimama. Alimwambia mtiliaji ampe birika la kahawa na vikombe, akavichukua mwenyewe, na sabla yote ikanyamaza. Mwenyekiti hatilii watu kahawa. Alianza kutembea kuelekea mlangoni, alipokaa Muatasim. Nilimwona Muatasim akiinua uso. Sijawahi kumwona na uso ule, wala sikumwona nao tena. Ulikuwa wazi kabisa, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha yote.

Njiani ilikuwa lazima ampite Bakhit.

Baba alilelewa Unguja. Katika nyumba ya babu yangu, mgeni akiwa na kikombe kilichopoa mbele yake, mwenyeji hapiti. Huinama, akimwage, amtilie kingine, na anafanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Baba alifika mbele ya Bakhit, akasita, akainama. Alikichukua kikombe, akakimwaga kwenye sinia, akatia kahawa ya moto, akampa kwa mkono wa kulia.

"Imepoa, Sheikh," alisema.

Bakhit aliipokea kwa mikono miwili, akainywa kwa mkupuo mmoja.

"Mabruk!" sauti ya pongezi ililia upande wa watu wa ndani ya nchi. "Mabruk! Mabruk!" Wengine wakasimama. Maan, aliyekuwa nyuma ya baba yake, aliinamisha kichwa, na sikuona kama ni furaha au aibu. Bakhit alinyanyuka, akamshika baba bega.

"Jamaa zangu," alisema kwa Kiarabu, "mwenyekiti wetu amenipa haja yangu. Bint yake kwa mwanangu. Hoja yetu tumeiondoa. Kuanzia leo sisi ni mkono mmoja."

Baba alikuwa amesimama na birika mkononi. Alifungua mdomo.

Nilimngoja. Alichohitaji kusema kilikuwa kidogo: Nimekosea, mimi nimelelewa Unguja, nimekutilia kahawa tu. Maneno hayo machache. Lakini ilimlazimu ayaseme kwa Kiarabu, mbele ya wazee wale, akiri kwamba miaka hamsini baadaye bado hazijui ada zao. Niliyaona macho yake yakizunguka sabla yote, yakitazama midomo ya watu. Walikuwa wakitabasamu. Hakuna aliyekuwa akicheka bado.

Alifunga mdomo.

"Ahlan wa sahlan," alisema, akawakaribisha.

Leo baba yangu yuko chini ya udongo, na bado sijui. Shangazi anaapa kwamba alikosea, kwamba ulikuwa mkono tu uliozoea, na kwamba baada ya hapo aibu ndiyo iliyomfunga. Mimi kuna siku namwamini. Kuna siku nyingine nakumbuka pale aliposita kabla ya kuinama, nahesabu: sekunde moja, sekunde mbili. Mtu anaweza kuamua mambo mengi katika sekunde mbili.

Katibu alisema kura ya kumbakisha baba ipigwe hata hivyo, kwa sababu ya kumbukumbu. Mikono minane iliinuka. Wote wakamgeukia Muatasim.

Alikichukua kikombe chake mwenyewe, kile kilichopoa. Alikinywa taratibu mpaka chini, na waliojua ada waliinamisha macho, maana mtu akiinywa mwenyewe ameiacha haja yake. Kisha akainua mkono.

"Tisa!" katibu alisema kwa furaha. "Tisa kwa tisa, wallahi haijapata kutokea!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeuma ushungi wangu. Alikuwa ametimiza kiapo alichoniapia, kwa kura ambayo hakuna aliyeihitaji tena.

*

Nilimfuata kwenye maegesho. Watu walikuwa wakitoka, na sikujali kama wananiona.

"Nitakataa," nilimwambia. "Sikiliza, Muatasim. Sheria inasema lazima niulizwe. Wataniuliza, nitakataa."

Alikuwa akitafuta funguo mifukoni, na zilikuwa mkononi mwake.

"Ukikataa, Bakhit ataondoka na wanne wake, na baba yako atakuwa amevunja neno mbele ya ukoo mzima. Hatabaki hata wiki. Na watasema mimi ndiye niliyekufundisha. Unadhani baada ya hapo kuna mtu atakayenipa wewe?"

"Tutakwenda kwa kadhi. Tutadai."

"Umdai baba yako mahakamani? Wewe?" Aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Juzi ulikuwa ukilia nisimwangushe."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Nimepata kazi Duqm, bandarini. Waliniita tangu mwezi wa tatu, nikawaambia wangoje, kwa sababu nilikuwa nangoja. Juzi usiku, baada ya ujumbe wako, niliwaandikia kwamba siendi." Alijaribu kucheka. "Leo inabidi niwaandikie tena. Watadhani mimi mwendawazimu."

"Niambie nikungoje."

"Hapana."

"Niambie tu. Nimezoea kungoja, sitaona tofauti."

"Khole." Alitaja jina langu kama alivyokuwa akilitaja siku zote, silabi ya kwanza ndefu kidogo. "Miaka mitatu nimekuwa kura. Nikiingia sabla wananihesabu, nikitoka wananisahau. Hata wewe juzi ulinitazama kama mtu aliyekuuza. Na ulikuwa na haki. Nilikubali kukununua kwa sababu sikuwa na njia ya kukupata. Sasa hata cha kununulia sina. Mama yangu alinambia siku ile ile tulipotoka kuposa: watu hawa wakikuhitaji utakula nao, usidhani ni kwao. Nikamwambia, Mama, wewe una uchungu wako wa zamani."

Nilinyoosha mkono. Aliutazama mkono wangu, lakini watu walikuwa wakipita, na yeye alikuwa mtu wa heshima kuliko wote waliokuwa mle ndani. Alifungua mlango wa gari, akaingia. Alipokuwa akirudi nyuma alisimama kumpisha mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mkongojo, akamngoja mpaka afike upande wa pili.

*

Milka, ndoa yenyewe ya kisheria, ilipangwa baada ya wiki mbili. Asubuhi yake nilipakwa hina na wanawake walioimba nyimbo za Unguja, na Shangazi hakuimba. Kabla ya Alasiri baba aliingia chumbani peke yake. Alifunga mlango akasimama, hakuketi.

"Mashahidi wanakuja kukuuliza," alisema. "Nimekuja kabla yao. Ukitaka kusema hapana, sema. Mie nitatoka niwaambie."

"Ukiwaambia, utaanguka?"

"Nitaanguka."

"Na Muatasim? Utamwita?"

Alifikiri. Alionekana mzee sana. Nilijua kwamba angeweza kusema ndiyo, na ningeamini, kwa sababu nilikuwa tayari kuamini kitu chochote.

"Sitaweza," alisema. "Si baada ya haya. Sitakuahidi."

Miaka yote ile nilikuwa nimetaka baba anijibu bila kuahidi. Sasa alikuwa amenijibu. Nilimtazama akitoka, na mabega yake chini ya joho yalikuwa membamba kama ya mvulana aliyesimama mlangoni mwa watu wanaomcheka.

Mashahidi wawili walisimama nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Mmoja alisafisha koo.

"Khole bint Abdulrazak, unakubali kuolewa na Maan bin Bakhit, kwa mahari iliyotajwa, na baba yako awe walii wako?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa nalo kweli, hapana, lilikuwa limekaa juu ya ulimi. Nilijaribu kufikiria nalisema kwa ajili ya nani. Muatasim alikuwa Duqm, saa sita kwa gari, na hakutaka nimngoje. Baba alikuwa chumba cha pili akisubiri kuanguka. Nikajitafuta mimi mwenyewe, ili niliseme lile hapana kwa ajili yangu, na nilikuwa nimekaa muda mrefu mno katika hesabu za watu wengine. Sikujiona.

Kwa mwanamwali, kwa sheria yetu, kunyamaza ni kukubali. Ndiyo maana huulizwa mara tatu, ili apewe nafasi. Shahidi alingoja kitambo, akauliza tena. Akangoja kidogo, akauliza tena.

Baada ya mara ya tatu hakungoja kabisa.

"Amekubali," alisema, na nikazisikia nyayo zao zikienda mbio kwa wanaume. Shangazi Kheiria, aliyekuwa nyuma yangu, alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akakikatiza mwenyewe katikati.